Monarchs Hawakufa Kifo cha Mungu

Haya wadau, nimerudi. Najua niliahidi kuandika kuhusu baridi ya Missouri na namna nilivyoteleza kwenye barafu mbele ya foleni nzima ya kantini, lakini hiyo itasubiri. Leo ni tarehe 15 Aprili na nimetoka darasani kichwa kinachemka. Nisipoandika sitalala, na nisipolala jirani yangu wa chumba naye halali, maana naongea peke yangu.

Kwa msiofuatilia mambo ya huku: kila mwaka tarehe ya leo wachezaji wote wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani wanavaa jezi namba 42. Wote kabisa. Hiyo ilikuwa namba ya Jackie Robinson, aliyeingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947 na kuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia nje wachezaji weusi kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1997 namba hiyo ilistaafishwa kwa timu zote. Ni heshima kubwa na anastahili. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianzia kwenye semina. Tumeonyeshwa ile filamu inayoitwa 42, kisha mjadala. Mwalimu wetu, mzee mwema tu, akafunga kwa kusema kwamba Branch Rickey, bosi wa Dodgers, aliwafungulia Weusi mlango. Nikanyoosha mkono. Nikasema, samahani Profesa, na ile timu aliyokuwa akichezea Robinson kabla ya hapo, yenyewe ilipata nini? Mwanafunzi mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti: "Timu gani?"

Timu gani! Jamani, tuko Kansas City! Kutoka chuoni kwetu ni mwendo wa basi moja tu mpaka mtaa wa 18th and Vine, yalipo makumbusho ya Negro Leagues, yaani ligi za Weusi. Timu yenyewe iliitwa Kansas City Monarchs. Ndani ya filamu nzima wanaonekana mwanzoni, kwenye kituo cha mafuta, basi, wamekwisha. Profesa akajibu kwa upole kwamba zile ligi "zilikufa zenyewe" kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Kengele ikagonga, watu wakabeba mabegi.

Mimi nakataa. Monarchs hawakufa kifo cha Mungu. Na leo nitasema waliuawaje, anayebisha abishe.

Kwanza mjue ni nani tunayemzungumzia, msije mkadhani ni timu ya mchangani. Februari 1920 Rube Foster wa Chicago aliwaita wenye timu za Weusi wakutane hapa hapa Kansas City, kwenye jengo la YMCA la barabara ya Paseo. Wakaanzisha Negro National League. Monarchs walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1924 ilipochezwa fainali ya kwanza kati ya bingwa wa magharibi na bingwa wa mashariki, Monarchs waliifunga Hilldale ya Pennsylvania michezo mitano kwa minne, na mmoja sare. Mwaka 1942 wakarudi wakaichapa Homestead Grays, timu ya Josh Gibson mwenyewe, michezo minne kwa bila.

Halafu suala la taa. Leo ukiona mechi ya usiku unadhani ilikuwa hivyo tangu enzi na enzi. Basi tarehe 28 Aprili 1930 Monarchs walicheza usiku mjini Enid, Oklahoma, kwa taa zao wenyewe, zilizofungwa kwenye nguzo na kusafirishwa kwa malori, na jenereta inanguruma pembeni. Mwenye timu, J.L. Wilkinson, aliingia madeni kwa ajili ya taa hizo. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanashinda wakitafuta kibarua, nani ataenda mpirani mchana? Kwa hiyo mpira ukawafuata usiku. Ligi Kuu ya wazungu, pamoja na fedha zao zote, walicheza mechi yao ya kwanza ya usiku Mei 1935 kule Cincinnati. Miaka mitano baadaye! Sasa niambieni nani alikuwa anamfundisha mwenzake kazi.

Na wachezaji? Satchel Paige, mrushaji ambaye watu walisafiri mji hadi mji kumwona. Bullet Rogan, aliyekuwa hodari wa kurusha na hodari wa kupiga pia. Hilton Smith. Buck O'Neil. Mwaka 1954 walimchezesha Toni Stone, mwanamke, kwenye timu ya wanaume. Ernie Banks na Elston Howard walitoka hapa. Hakuna timu ya ligi za Weusi iliyopeleka wachezaji wengi Ligi Kuu kuliko Monarchs.

Buck O'Neil alikuwa akisimulia kwamba Monarchs wakicheza nyumbani Jumapili, makanisa ya Weusi mjini yalisogeza ibada mapema ili watu wawahi uwanjani wakiwa na nguo zao za kanisani. Ukitaka kujua kama kitu ni cha watu au si cha watu, angalia kama mchungaji anabadilisha saa kwa ajili yake. Pembeni ya timu kulikuwa na hoteli, migahawa, vinyozi, magazeti ya Weusi, wapiga jazi. Timu ikicheza mtaa mzima ulikula.

Sasa twende kwenye mauaji yenyewe.

Mwaka 1945 Robinson alikuwa Monarchs kwa mshahara wa dola 400 kwa mwezi. Agosti ya mwaka huo Rickey akamwita Brooklyn, wakaelewana: dola 3,500 za kusaini, na dola 600 kwa mwezi akianzia Montreal Royals, timu ndogo ya Dodgers. Oktoba likatangazwa. Monarchs walipewa shilingi ngapi? Sifuri. Hakuna hata senti moja, wala barua ya asante. Fikiria mtu anakuja Msimbazi au Jangwani, anambeba mshambuliaji, halafu viongozi wanasoma habari hiyo gazetini. Hapo nyumbani tungefunga barabara.

Na Rickey hakuona haya. Alisema hadharani kwamba ligi za Weusi si ligi halali, ni biashara ya wahuni. Halafu katika ligi hizo hizo "zisizo halali" akaendelea kuchuma: Roy Campanella kutoka Baltimore Elite Giants, Don Newcombe kutoka Newark Eagles, nao bure. Ukinunua ng'ombe kwa jirani unalipa. Ukisema jirani si mtu, unajichukulia tu. Ndiyo maana ilibidi kwanza aseme wale si ligi.

Watu wataniambia, kwa nini Monarchs hawakupinga? Tom Baird, mshirika wa Wilkinson, mwanzoni alitishia kwenda kwa kamishna wa Ligi Kuu. Kisha wakarudi nyuma. Wangefanyaje? Gazeti lipi la Weusi lingewaelewa wanaotaka kumzuia mtu mweusi wa kwanza asiingie Ligi Kuu, tena wazuiaji wenyewe wazungu? Rickey alijua hilo. Aliwakamata pabaya: ukidai haki yako unaonekana adui wa haki ya wengine.

Aliyethubutu kufungua mdomo ni mwanamke, Effa Manley wa Newark Eagles. Bill Veeck wa Cleveland alipomtaka Larry Doby mwaka 1947, mama huyu alidai malipo, akapata dola 15,000. Tena akamwambia Veeck wazi kwamba mzungu wa kiwango kile angelipiwa 100,000. Veeck angalau alilipa kitu. Lakini hata hiyo haikutosha kuokoa timu. Eagles walikuwa mabingwa mwaka 1946, wakiwafunga Monarchs katika mchezo wa saba wa fainali, na watazamaji wao mwaka huo walikuwa kama 120,000. Mwaka 1947 wakashuka hadi kama 57,000. Mwaka 1948 wakabaki kama 35,000, na timu ikauzwa. Negro National League nayo ikafungwa mwaka huo huo. Miaka mitatu tu! Kitu cha miaka ishirini na ushee kinakwisha kwa miaka mitatu, halafu mtu anasema kilikufa chenyewe?

Monarchs walijikongoja. Wilkinson aliuza hisa zake kwa Baird mwaka 1948. Baird akawa anaendesha timu kwa kuuza wachezaji, leo huyu, kesho yule, kama mtu anayeuza mabati ya nyumba yake ili anunue unga. Mwaka 1955 Philadelphia Athletics, timu ya Ligi Kuu, wakahamia Kansas City, kwenye uwanja ule ule ambao Monarchs walikuwa wakijaza. Baird akauza timu, na mnunuzi akaipeleka Grand Rapids, Michigan, ikawa inazunguka vijijini ikibeba jina la mji ambao haikuwa inaishi tena. Ikafia huko miaka ya 1960. Na hao Athletics? Walikaa misimu 13, wakaenda zao Oakland. Sasa hivi na Oakland wameshaikimbia, mwaka 2024 ulikuwa msimu wao wa mwisho pale. Mji ulipoteza timu iliyoupenda ukapewa mpangaji.

Najua hoja za upande wa pili, kaka na dada zangu wa darasani wamenipigia nazo kelele mpaka kwenye ngazi. Tuzichukue moja moja.

Ya kwanza: Robinson mwenyewe hakuzipenda ligi za Weusi. Kweli kabisa. Mwaka 1948 aliandika kwenye jarida la Ebony akilalamikia mishahara midogo, safari za basi zisizoisha, hoteli mbovu na waamuzi wabovu. Effa Manley alimjia juu. Mimi nasema Robinson hakudanganya. Lakini hoteli zilikuwa mbovu kwa sababu gani? Nzuri zilikuwa na kibao cha "wazungu tu". Timu ilikuwa ikilala kwenye basi na kunyimwa choo kwenye vituo vya mafuta, halafu unailaumu kwamba haina starehe? Umasikini wa Monarchs ulitengenezwa na ubaguzi ule ule uliokuja baadaye kuwaambia "ninyi masikini hamfai kuwa wabia".

Ya pili: Wilkinson alikuwa mzungu, kwa hiyo unalilia biashara ya mzungu. Hii inauma kidogo, nakiri. Lakini timu nyingi wenyewe walikuwa Weusi, na hata kwa Monarchs, mameneja walikuwa Weusi, wachezaji Weusi, na mashabiki hawakutengwa kwa rangi wakati timu nyingine kwenye uwanja huo huo ziliwatenga. Timu ni zaidi ya jina lililo kwenye hati.

Ya tatu, na ndiyo nzito: kwani ulitaka ubaguzi uendelee ili Monarchs waishi? Hapana! Nani kasema hivyo? Hapa ndipo mjadala wote unapopotoshwa. Tunaambiwa kulikuwa na njia mbili tu, ubaguzi au njia ya Rickey. Njia ya tatu ilikuwepo: lipeni wachezaji mnaowachukua, zitambueni ligi hizi kama mlivyozitambua ligi ndogo za wazungu, na timu zenye nguvu ziingizeni Ligi Kuu kama zilivyo, na mameneja wao, makarani wao na wenye timu wao. Haukuwa muziki wa kushindikana. Mechi ya nyota wa ligi za Weusi kule Comiskey Park, Chicago, mwaka 1943 ilijaza watu zaidi ya 51,000. Soko lilikuwepo. Ila hawakuitaka timu nyeusi, waliwataka vijana wake na wateja wake.

Na hata hao vijana waliingizwa kwa kijiko. Boston Red Sox walimchezesha mchezaji wao wa kwanza mweusi mwaka 1959, miaka 12 baada ya Robinson. Mchezaji wa wastani ambaye angekula mshahara wake vizuri Monarchs, Ligi Kuu haikumhitaji na nyumbani kwake kumeshavunjwa. Meneja je? Oktoba 1972, siku tisa kabla ya kufa, Robinson alisimama kwenye fainali ya Ligi Kuu mbele ya watu wote akasema angependa siku moja kuona meneja mweusi. Miaka 25 baada ya "mlango kufunguliwa", mwenye mlango mwenyewe anasimama kusema chumba bado kimefungwa! Meneja wa kwanza mweusi, Frank Robinson, alipatikana mwaka 1975.

Wakati huo huo Buck O'Neil alikuwepo. Aliwaongoza Monarchs kuanzia 1948 hadi 1955, akamlea Ernie Banks. Ligi Kuu ilimtumia kutafuta vipaji, na mwaka 1962 Chicago Cubs wakamfanya kocha wa kwanza mweusi wa Ligi Kuu. Umeneja hakupewa kamwe. Mwaka 2006 kamati maalumu ilichagua watu 17 wa ligi za Weusi waingie Jumba la Mashujaa kule Cooperstown, Effa Manley akiwemo. Buck hakupita. Mzee wa miaka 94 akakubali kwenda kuhutubia kwenye sherehe ya wenzake, akawaimbisha watu wakiwa wameshikana mikono, akarudi nyumbani. Akafariki Oktoba ya mwaka huo huo. Walimwingiza mwaka 2022. Hayupo. Nikisoma hilo huwa naweka kitabu chini.

Mtasema mambo yamerekebishwa. Desemba 2020 Ligi Kuu ilitangaza kwamba ligi saba za Weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu kweli. Mwaka 2024 takwimu zikaunganishwa, na Josh Gibson akawa wa kwanza kwa wastani wa kupiga katika historia yote, .372, akimpita Ty Cobb. Gibson alikufa Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia uwanjani Brooklyn. Nafurahi, sikatai. Ila tulieni muone maana yake. Kama zilikuwa ligi kuu, basi alichofanya Rickey mwaka 1945 ni kuchukua mchezaji wa timu ya ligi kuu bila kulipa. Huwezi kuirudisha heshima ya miaka ya 1940 halafu bili ya miaka ya 1940 ukaiacha mezani. Takwimu ni bure kurudisha.

Na mavuno ya leo myaone. Fainali ya mwaka 2022, Houston na Philadelphia, haikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi mzaliwa wa Marekani. Mara ya kwanza tangu 1950. Sababu ni nyingi, mpira wa kikapu upo, gharama za watoto kucheza besiboli zipo. Lakini moja sijasikia ikitajwa darasani: wenye timu waliokuwa wakienda kutafuta vijana kwenye mitaa ya Weusi, kwa sababu ndiko walikokuwa wakiishi, hawapo. Ukichota maji ukaziba kisima, usishangae mtungi ukikauka.

Sasa kwa nini mimi mtoto wa Temeke nijipasue msamba kwa ajili ya timu ya mchezo ambao hata sheria zake sijazimaliza? Nitawaambia ukweli. Jumamosi iliyopita nilikuwa makumbusho pale 18th and Vine. Ukiingia kuna sanamu ya Buck O'Neil imesimama, na mbele yako kuna wavu kama wa banda la kuku unaokutenga na uwanja wenye sanamu za wachezaji. Unawaona lakini huwafikii mpaka uizunguke historia yote. Nikiwa pale simu ikalia, mzee wangu kutoka nyumbani. Akanisalimia, akauliza masomo, halafu akauliza lile swali lake: "Mwanangu, ukimaliza utarudi?" Nikasema, tutaona baba.

Mimi pia nimesajiliwa. Shule iliyonifundisha hesabu bado ina madawati ya kugombania, na chuo kilichonichukua hakijawahi kuiandikia hata barua. Kwa hiyo simlaumu Robinson kuondoka. Mimi niliondoka kwa bei ndogo kuliko yake. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba aliyenichukua ndiye aliyenitengeneza, na kwamba walioachwa "kazi yao ilikwisha".

Wiki ijayo nina zamu ya kuwasilisha mada darasani. Nimemwomba Profesa nibadilishe mada yangu iwe Monarchs, na amekubali, tena amesema atakuja na maswali. Aje. Mimi nitaanza na swali la yule kijana wa nyuma yangu, na safari hii nitalijibu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, nikianzia na 1920.

Niishie hapa, jirani ameshageukia ukutani na mto kichwani. Wa kubisha njooni na hoja, matusi acheni nyumbani. Usiku mwema wadau.